Wimbo wa Kwenda Nao Mchujoni

Kijana wangu, umeniuliza wimbo gani uende nao Nairobi kwenye mchujo wa mchezo wa nyimbo, ukaweka na sharti: uwe mpya, usiowahi kuingia masikioni mwa waamuzi. Nimelibeba swali lako siku kadhaa. Wenzako wengi wa Nakuru, Njoro na Molo wameniletea swali hilohilo kabla yako. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaenda kuimba wimbo waliokuwa wameshauchagua tangu nyumbani. Mtu akisema jambo moja miaka mingi, ulimi huchoka. Lakini wewe una sauti, una bidii, na mama yako hajawahi kupita langoni kwangu bila kunisalimu. Nitalisema tena, na nakuomba unisikilize hadi mwisho.

Anza kwa kuwaelewa watakaokusikiliza. Wewe umelelewa na Tamasha la Muziki la Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1927 na ambayo yamefundisha vijana wa nchi hii kuimba kuliko chuo chochote. Nayaheshimu mno. Nimeketi katika kumbi zake tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hata hivyo, yana desturi moja iliyowaingia damuni: wimbo wa lazima. Katika daraja moja waimbaji wote huimba wimbo uleule ili mwamuzi awapime kwa kipimo kimoja, na hiyo ndiyo haki ya mashindano. Sasa kijana anayetoka huko akifika kwenye mchujo wa tamthilia, hutafuta wimbo wa lazima hata pale ambapo haupo. Hujiuliza aliyechukuliwa mwaka jana aliimba nini, akauchukua huohuo. Akisimama, anapimwa dhidi ya kila aliyewahi kuuimba, wakiwemo waliourekodi London na New York. Amejiandikisha katika mashindano ambayo hakuna aliyemwalika.

Mwelekezi wa mchezo hatafuti mshindi. Ana watu wa kujaza: mkulima, mlevi, askari, kijana aliyempenda binti wa tajiri. Akikutazama anauliza mambo mawili tu. Huyu ni nani? Na je, hadhira itaweza kumtazama saa mbili bila kumchoka? Wimbo wako ndio unaojibu swali la kwanza, na ukilijibu vizuri, la pili huanza kujijibu lenyewe.

Nimesikia kwamba unaufanyia mazoezi "Bring Him Home". Ni wimbo mzuri, sitaudharau. Umo katika Les Misérables, mchezo uliotokana na riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862, na ambao kwa Kiingereza ulianza kuigizwa London mwaka 1985. Lakini tazama anayeuimba. Ni Jean Valjean, mzee aliyekaa gerezani miaka 19, aliyemlea mtoto asiye wake kwa mapenzi yote. Ni usiku, wako kwenye kizuizi cha barabarani, mapigano yanakuja. Kando yake amelala Marius, kijana anayependwa na yule binti aliyemlea. Mzee anamwomba Mungu amrudishe kijana nyumbani salama, na ikibidi mtu afe, basi afe yeye. Wewe una miaka 20. Hujalea mtoto, wala hujawahi kukesha ukihesabu pumzi za mwana wa mwenzio. Katika hadithi ile wewe ndiye yule aliyelala! Ukisimama kuomba dua ya mzee, mwamuzi anamwona Marius akisema maneno yasiyo yake, na mzee mwenyewe hayupo chumbani. Isitoshe, zile noti za juu zinatakiwa ziimbwe kwa upole, kwa pumzi iliyotulia kabisa. Vijana wengi huzikamata kwa koo, shingo ikavimba mishipa, na dua ikawa kelele.

Hapo ndipo wimbo unapochakaa. Kuimbwa mara nyingi hakuuchakazi. Unachakazwa na wengi kuuimba bila sababu yoyote ya kuuimba.

Vivyo hivyo na "Waving Through a Window" wa Dear Evan Hansen, mchezo uliofika Broadway mwaka 2016. Huo unafaa umri wako, maana mwenye kuuimba ni mvulana wa shule. Tatizo ni kwamba vijana wameukariri kutoka kwenye simu pamoja na pumzi, kwikwi na mkato wa sauti wa yule aliyeuimba kwanza, hata ukifumba macho hujui nani amesimama mbele yako. Nyimbo za mchezo wa Sarafina! zimeimbwa karibu katika kila shule, na nyingi ziliundwa kwa umati. Mtu mmoja akizibeba peke yake hupotea. "Baba Yetu" ya Christopher Tin, iliyotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta mwaka 2005 na kupata tuzo ya Grammy mwaka 2011, ni kazi ya kwaya. Ukiiondolea kwaya hakuna kinachobaki cha kukuonyesha wewe.

Najua utakalofanya ukishasikia hayo. Utakesha kwenye intaneti ukitafuta mchezo uliofungwa baada ya wiki moja huko Marekani, uchomoe humo wimbo ambao hakuna aujuaye. Usiwe na haraka. Nyimbo nyingine hazijulikani kwa sababu hazikustahili kujulikana. Na hata ukipata ulio mzuri, mwamuzi asiyeujua hutumia muda wako wote akijaribu kuuelewa, na muda ukiisha anakuwa hajakutazama wewe. Ugeni wa wimbo haukusaidii kama mwenyewe hujui kwa nini unauimba.

Kwa hiyo kila wimbo utakaoushika, uuhoji kwanza. Anayeimba ni nani? Anamwambia nani? Anataka nini kwa huyo anayemwambia? Na akifika mwisho, kuna kitu gani kimebadilika? Nikikushtua usingizini nikakuuliza hayo manne, unijibu bila kusita. Wimbo wa mapenzi unaozunguka neno moja dakika nne, hata kama unachezwa kwenye kila matatu kutoka hapa hadi Eldoret, hauna jibu la swali la nne. Ni wa kuchezea dansi, na uachwe huko kwenye dansi.

Sasa nikupe mfano wa upya ninaousema, na hatutatoka Bonde la Ufa kuutafuta. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia kusini mwa Afrika na kuzunguka bara hili na mashine ya kunasa sauti, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, zilikuwa zimeshafika huko pamoja na gramafoni. Vijana walikuwa wamezisikia, na jina la mwimbaji wakalitamka Chemirocha. Wangeweza kujaribu kuimba kama yeye. Hawakujaribu. Walimtungia nyimbo zao, kwa lugha yao na kwa ala yao ya nyuzi, na katika ule walioimba wasichana, kwa maelezo aliyoyaacha Tracey, Chemirocha amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa, naye anaalikwa acheze. Rekodi ile ipo hadi leo. Isikilize usiku mmoja ukiwa peke yako. Sauti za wasichana wale ni nyepesi, haziombi ruhusa ya mtu, na hazifanani na kitu chochote kilichotoka Marekani. Mwaka 2014 maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey huko Afrika Kusini, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizirudisha nakala za rekodi hizo kwa watu wa huko zilikotoka.

Fikiri hali yao, mwanangu, kisha ufikirie yako. Wao walikuwa na sauti ya mgeni ndani ya mashine, na wewe una sauti za wageni ndani ya simu. Hali ni moja. Wao walijiuliza mgeni huyu ana maana gani kwetu sisi tunaoishi hapa, na jibu lao likawa wimbo ambao watu wanausikiliza baada ya zaidi ya miaka 70.

Wewe una utajiri ambao wenzako wa mabara mengine wangeulipia. Baba yako ni Mkikuyu wa Elburgon na mama yako ni Mkipsigis wa Bureti. Damu mbili zimekutana ndani yako, na hapa Nakuru tunajua thamani ya jambo hilo, kwa kuwa tumeona mwaka ambao watu waliisahau, majirani wakageukiana. Je, umewahi kumuuliza nyanya yako mzaa baba kuhusu nyimbo za Olenguruone? Wakikuyu waliohamishiwa huko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikataa masharti ya kilimo ya serikali ya kikoloni, wakala kiapo, na walipofukuzwa kati ya 1949 na 1950 wengi walipelekwa Yatta, kwenye ukame. Waliondoka wakiimba. Nyanya yako alikuwa mtoto, lakini mama yake alizijua. Wimbo wa namna hiyo una majibu yote manne: anayeimba ni mtu anayetolewa shambani kwake, anawaambia wanaobaki, anataka wasisahau, na mwisho wake lori limeshaanza kwenda. Mwelekezi gani wa tamthilia atasikia hayo kutoka kinywani mwa kijana wa miaka 20 na asiinue kichwa kutoka kwenye karatasi zake?

Kwa upande wa mama yako nina onyo. Wakipsigis wana nyimbo za jandoni. Wewe mwenyewe umepita huko na unajua zipi ninazosema. Hizo usiziguse. Zina wenyewe, zina wakati wake na mahali pake, na kuzipandisha jukwaani ili mtu wa Nairobi akusifu kwa kuleta kitu kipya ni kuwakosea waliokupa. Ziko nyingine nyingi za mchana: za mifugo, za kulima pamoja, za kumsifu mtu aliyerudi salama. Waombe wajomba zako wakuchagulie. Na popote utakapouimba wimbo wa watu, kabla ya kufungua kinywa sema umetoka wapi na nani amekupa. Ni adabu tu, nayo humwonyesha mwamuzi kwamba hukuuokota.

Ukitaka wimbo wa Mkenya ulioandikwa kwa ajili ya jukwaa, upo pia. Eric Wainaina alitunga Mo Faya, mchezo wa nyimbo wenye mitaa ya Nairobi ndani yake, na ulifika hadi New York. Nimeshangaa mara nyingi kwamba vijana wa Nakuru wanakijua kila kitu kilichochezwa Broadway na hawajui kilichotungwa saa tatu za barabara kutoka kwao.

Tukiwa kwenye barabara hiyo: utakapokuwa unakwenda Nairobi, ukishapita Naivasha na kupanda ule mlima wa baridi, utafika karibu na Limuru. Hapo ndipo kilipo kijiji cha Kamiriithu. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda pamoja na wanakijiji, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wa mashamba ya chai, na Kimani Gecau akauelekeza. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind kwamba mchujo na mazoezi vilifanyika mahali wazi, watu wakitazama. Hebu fikiri mchujo wa namna hiyo! Unaimba, na mama aliyetoka kuchuma chai anakukatiza akisema wimbo huu hauimbwi hivyo, neno hili mtu wa rika hilo halisemi, mguu hauanzi hapo. Wazee walisahihisha lugha, wakasahihisha nyimbo, na wakosoaji wale hawakuwa na karatasi ya alama mkononi. Mchezo ulifunguliwa Oktoba 1977. Novemba 16 leseni yake ikaondolewa, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Miaka 45 baada ya kuzimwa, Mei 2022, mchezo uliigizwa katika Kenya National Theatre na Nairobi Performing Arts Studio, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Ngũgĩ aliishi kuisikia habari hiyo; alifariki Mei 28, 2025.

Wewe ufanye Kamiriithu yako ndogo kabla hujaenda popote. Usiwaimbie marafiki zako wa kwaya pekee. Hao watasifu noti ya juu na kukuombea. Mwimbie mama anayeuza viazi pale soko la Wakulima, akiwa na nafasi. Waimbie vijana wa bodaboda steji ya mtaa wenu. Wakianza kuangalia simu zao, angalia wameanzia mstari gani. Hapo ndipo wewe mwenyewe ulipoacha kumaanisha unachosema. Kisha usiwaulize kama umeimba vizuri. Waulize mtu yule kwenye wimbo alikuwa anataka nini. Wakishindwa kusema, rudi nyumbani ukafanye kazi.

Pengine tangazo la mchujo linataka wimbo wa tamthilia kwa Kiingereza, na mara nyingi hutaka nyimbo mbili zenye sura tofauti. Basi upo mmoja ninaokuwekea, na nimefikiria sana kabla ya kuutaja. Unaitwa "Lonely House", umo katika Street Scene, mchezo uliofunguliwa New York mwaka 1947. Muziki ni wa Kurt Weill, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933. Maneno ni ya Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, yuleyule aliyekuja Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika, ambako Ngũgĩ alikuwapo akiwa bado mwanafunzi. Anayeimba ni Sam, kijana anayesoma, anayempenda jirani yake Rose. Wanaishi jengo moja la kupanga lililojaa watu. Ni usiku wa joto. Anasikia kila kitu kupitia ukutani, mtoto akilia, jirani akikoroma, ngazi zikilia, na katikati ya watu wote wale yuko peke yake kabisa.

Wewe umekulia Kaptembwa, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, choo kimoja na mfereji mmoja kwa familia zote. Unajua jirani wa kushoto anakohoa saa ngapi. Unajua wa kulia akipigana na mkewe kabla polisi hawajajua. Umesoma kwa mtihani huku redio tatu zikilia. Nani atakufundisha wimbo huo? Hughes na Weill waliuandika kuhusu New York, lakini chumba chenyewe unakijua kuliko wengi wanaouimba leo. Ni wimbo wa sauti ya tatu, na sauti yako iko hapo. Waamuzi wa Nairobi hawausikii kila mwezi. Na hata wakiwa wameusikia, hawajausikia ukiimbwa na mtu aliyelala ndani yake.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie koo. Sauti ya mwanamume huvunjika wakati wa balehe lakini haimalizi kutulia hata baada ya miaka 20, kwa hiyo usikubali mtu akuambie leo wewe ni wa sauti gani maisha yako yote. Chagua ufunguo unaokuacha na nafasi juu na chini. Noti ambayo unaipata siku tatu kati ya saba si yako bado, na siku ya mchujo, ukiwa na baridi na hofu, itakuwa siku ya nne. Ishushe. Hakuna mwamuzi aliyewahi kumpigia mtu makofi kwa ufunguo; husikia tu kama umetulia au unapigania uhai.

Watakwambia uimbe baa 16, pengine 32. Kwa mwendo wa kawaida 16 ni kama sekunde 40. Usianze mwanzo wa wimbo kwa sababu tu ndiko unakoanzia. Tafuta pale ambapo mtu anabadilika, uanze kidogo kabla yake, umalize mahali panaposikika kuwa ni mwisho. Fanya mazoezi ya kipande hicho peke yake mpaka uweze kuingia ndani yake bila kupashwa moto na ubeti wa kwanza.

Na mpiga kinanda, jamani. Sisi tumezoea solfa, na wapiga kinanda wetu wengi wa kanisani husikia wimbo mara moja wakaushika. Wa Nairobi anaweza kuwa msomaji wa noti za mistari mitano tu, au anaweza kuwa wa sikio kama wetu. Mpelekee vyote viwili: noti zilizochapishwa katika ufunguo wako, na majina ya kodi yameandikwa juu yake kwa kalamu inayoonekana. Gundisha kurasa ziwe moja ndefu. Mwonyeshe unaanzia wapi na unaishia wapi, mpe mwendo kwa kumwimbia mstari mmoja polepole, na usimpigie vidole hata siku moja. Ndiye pekee chumbani mle aliye upande wako. Wakikuambia uje na muziki kwenye simu, uweke ndani ya simu yenyewe usitegemee bando, na uzime laini, maana shangazi yako atapiga tu wakati huo.

Wiki ile ya mchujo usipande Menengai kuomba kwa sauti. Mungu anasikia hata minong'ono; koo likichanika juu ya kreta halishonwi kwa siku mbili. Usiende uwanjani kushangilia. Safiri siku moja kabla, ujifunge shingo, na usibishane na makanga kwa sauti kuanzia Gilgil hadi Kinungi.

Nina jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nikae na swali lako muda wote huu. Aprili 2025 tamasha la kitaifa la drama lilikuja hapa Nakuru. Wasichana wa Butere walikuja na Echoes of War, mchezo uliokuwa umefika hadi mahakamani kabla ya kufika jukwaani. Polisi walirusha vitoza machozi kuwatawanya watu nje. Wasichana wale, bila vifaa vyao, bila mwelekezi wao kando, waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza.

Hakuna wimbo unaojulikana nchini kuliko huo. Tumeuimba kila Jumatatu na kila Ijumaa kwenye gwaride la shule, tukiwa na usingizi. Ulitoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto huko Mto Tana, Mzee Meza Morowa Galana akautoa, na mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, ikaupanga. Miaka zaidi ya 60 ya kuimbwa. Na asubuhi ile ulisikika kama mpya, kwa kuwa kila neno lilikuwa na mtu anayelihitaji. Ungewauliza wasichana wale yale maswali yangu manne, wangekujibu yote kabla hujamaliza kuuliza. Upya unaoutafuta ulikuwa hapo, katika wimbo mkongwe kuliko wazazi wao.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kwa Kiingereza nenda na "Lonely House", uushushe kidogo kama koo halijawa tayari. Wimbo wa pili uwe wa nyanya yako wa Elburgon, kwa Gĩkũyũ, bila kinanda, ukiutambulisha kwa sentensi moja. "Bring Him Home" uweke hadi utakapokuwa na mwana wa kumwombea; hautaharibika.

Jumamosi hii usije kwangu, nenda Elburgon kwanza. Nenda mwenyewe, usipige simu, maana nyanya yako hasikii vizuri kwenye simu. Mchukulie sukari na majani chai. Muulize, kisha unyamaze, umwache aimbe hadi amalize kabla hujatoa chombo cha kurekodi. Ukirudi uniletee maneno yote yameandikwa kwa mkono wako, tuanze kazi.